Mshono wa Kwanza Usichekwe

Juma lililopita mama mmoja alitujia hapa Kilwa, jioni, saa ile wavuvi wanaposhusha mitumbwi ziwani Moero kwa kazi ya usiku. Alikuwa amemshika mkono binti yake, mtoto wa miaka 13, na mtoto naye alikuwa amefumbata kitambaa ngumini kama mtu afichaye fedha. Baada ya kuamkiana, mama akasema: "Mwalimu, mtoto huyu hana mkono wa sindano. Nimemwambia aache, tuanike samaki pamoja, lakini analia. Mwambie wewe, labda atakusikia."

Tulimwomba mtoto kitambaa chake, tukakikunjua. Kilikuwa na safu nne za mishono. Safu ya kwanza ilikwenda upande kama mtumbwi usio na kafi. Ya pili ilikuwa imekaza mno hata nguo imejikunja. Ya tatu ilikuwa na alama ya damu, maana alijichoma. Lakini ya nne ilikuwa karibu kunyoka. Mishono yake kumi ya mwisho ilikuwa na urefu mmoja, nayo ilikaa sawasawa kama meno ya kitana. Mama alikuwa hajaiona safu hiyo, kwa kuwa macho yake yalikomea kwenye ile ya kwanza.

Hatukuweza kumlaumu mama huyo, kwa sababu kosa lake tulilifanya sisi kabla yake. Miaka miwili iliyopita, katika saa ya kazi ya mikono, tuliinua juu kitambaa cha mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake, tukasema: "Tazameni, hii ni njia ya mchwa." Darasa lilicheka, nasi tulicheka. Juma lililofuata mahali pake palikuwa patupu, na hakurudi tena katika kazi hiyo.

Basi leo twataka kusema na wazazi, na walimu, na akina mama mafundi, juu ya jambo moja: namna ya kuwafundisha mishono ya zamani wale wasiojua hata kutia uzi katika tundu la sindano. Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo, wala halistahili kujaza ukurasa. Tunamwomba asikilize kwanza habari ifuatayo.

Mwanzoni mwa karne ya 16, baharia Mreno aitwaye Duarte Pacheco Pereira aliandika juu ya nguo za ufalme wa Kongo, ule uliokuwa upande wa mdomo wa mto mkubwa. Nguo hizo zilifumwa kwa nyuzi za majani ya miti iliyo jamii ya mnazi, na juu yake zilikuwa na nyuzi fupi zilizosimama, laini kama mahameli. Baharia huyo alizisifu kuwa hata Italia hazikutengenezwa nguo bora kuliko hizo. Wakati ule Italia ilikuwa na sifa kubwa kwa mahameli yake, kwa hiyo sifa hiyo haikuwa ndogo. Lakini leo vimebaki vipande vichache tu, na hivyo vimehifadhiwa katika nyumba za makumbusho huko Ulaya, kama vile Copenhagen na Roma. Kazi yenyewe ilikoma katika nchi ya Kongo ya kale. Wenye elimu waweza kuvipima vipande hivyo na kuzihesabu nyuzi zake, lakini hayupo tena mama wa kuwaambia alivyoshika kisu na alivyovuta uzi. Mahali fulani, siku fulani, mafundi walikuwapo bado, lakini hakuna mtoto aliyekuja kuketi karibu nao.

Sasa tutazame upande wa Kasai, kwa Wakuba. Huko kazi iliyo ndugu ya ile ya Kongo ingali hai. Wazee wa Wakuba husimulia kwamba mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17, ndiye aliyeleta ufundi wa nguo za rafia kutoka nchi za magharibi. Wanaume huchukua nyuzi za majani machanga ya mti wa mwale, wakafuma kitambaa cha mraba, ambacho urefu wake hauwezi kuupita urefu wa jani lenyewe. Kisha kitambaa hupondwa ili kiwe laini, na wanawake hukipokea kwa kudarizi.

Mama wa Kikuba hatumii kalamu wala karatasi. Nakshi imo kichwani mwake. Hutia sindanoni uzi mwembamba wa rafia, huupitisha chini ya uzi mmoja wa kitambaa, huuvuta mpaka ibaki ncha fupi, kisha huukata upande wa pili kwa kisu kidogo, ili ncha zote mbili zisimame. Hapana fundo. Kinachoishika ncha ile ni kubana kwa kitambaa tu. Tendo hilo hurudiwa mara elfu na elfu, na kitambaa kimoja chaweza kuchukua miezi mingi. Msafiri Emil Torday, mzaliwa wa Hungaria, alifika kwa Wakuba katika safari yake ya miaka ya 1907 hadi 1909, akapeleka kazi zao nyingi katika jumba la makumbusho la British Museum huko London. Mchoraji maarufu wa Ufaransa, Henri Matisse, alitundika vitambaa vya namna hiyo katika chumba chake cha kazi, akavitazama kama mwanafunzi amtazamavyo mwalimu wake.

Tena mtu asidhani kwamba mambo ya zamani hayapokei jambo jipya. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Mfalme hakuijali sana mashine ile, bali alistaajabia alama za magurudumu yake mchangani, na alama hizo zikanakiliwa, zikapewa jina, zikaingizwa katika nakshi zao. Ajuaye mshono wake vema haogopi kitu kigeni.

Hapa kwetu Katanga mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1940 na 1950 akina mama wengi wa mijini walifundishwa sindano na masista na mabibi wa Kibelgiji, katika nyumba zilizoitwa foyer social na katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Nyumba ya namna hiyo ilifunguliwa hata Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwaka 1946. Walijifunza kukata nguo za watoto, kutia viraka, kufuma sweta, na kudarizi vitambaa vya meza. Hatuwezi kuidharau kazi hiyo, maana nyumba nyingi zilivikwa nayo. Hata hivyo, maua waliyoyadarizi yalikuwa maua ya Ulaya, na ni mara chache mtu aliwauliza: "Nyanya zenu walishona nini, nao walishona namna gani?" Hivyo watoto wengi walikua wakidhani kwamba sindano ilianza siku Wazungu walipokuja.

Ndugu zetu wa pwani, kule iliko Kilwa nyingine isiyo hii yetu ya ziwa, wanayo pia kazi yao ya sindano. Huko Lamu na Unguja kofia nyeupe hushonwa kwa mkono, nayo ina sehemu mbili, duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi yake ni matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, moja baada ya moja. Kofia iliyo nzuri yaweza kumchukua mshonaji miezi. Kazi hiyo imevuka bahari, hata Waomani huvaa kofia iliyo ndugu yake, waiitayo kumma.

Sasa tuje katika kufundisha kwenyewe. Haya tunayoyaandika tumeyajifunza kwa akina mama mafundi wa hapa, na mengine kwa makosa yetu.

Kwanza, chagueni kitambaa kwa ajili ya mwanafunzi, msichague kwa ajili ya wageni watakaokuja kutazama. Kitambaa chembamba na laini ni adui wa anayeanza. Mpeni kitambaa kizito ambacho nyuzi zake zaonekana na kuhesabika, hata kipande cha gunia safi lililofuliwa kitafaa. Uzi uwe mnene, tena wa rangi isiyofanana na kitambaa, ili aone mwenyewe alipokwenda. Urefu wake uwe wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko na kidogo zaidi. Mtoto hupenda kukata uzi mrefu ili asitie tena sindanoni, lakini uzi mrefu hujisokota na kufunga mafundo, na mtoto akidhani kwamba mkono wake ni mbovu, kumbe uzi ndio mrefu.

Pili, mpeni njia ya kufuata. Badala ya kuchora mstari kwa kalamu, chomoeni uzi mmoja wa kitambaa kutoka upande hadi upande. Mahali ulipotoka patabaki njia nyembamba iliyonyoka kuliko mstari wowote wa rula. Mtoto ataifuata kwa macho na kwa kidole.

Tatu, fundisheni mshono mmoja kwa juma moja. Juma la kwanza ni bandi, yaani sindano kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, nyuzi tatu juu na nyuzi tatu chini. Mwanafunzi na ahesabu kwa sauti. Juma la pili ni mshono wa kurudi nyuma: sindano hutangulia mbele hatua mbili chini ya kitambaa, kisha hurudi hatua moja juu yake, ndipo mshono unakuwa imara. Juma la tatu ni mshono wa ukingo, ambao uzi hushikwa chini ya sindano kabla ya kuvutwa, ili kila mshono uufunge mwenzake na pindo lisifumuke. Asiyeweza mishono hiyo mitatu asipewe nakshi yoyote. Akiiweza, amekwisha kupata nusu ya kazi yote.

Nne, baada ya hayo aingie katika tundu, kama yale ya kofia za pwani. Azungushe kwanza bandi ndogo katika duara iliyo sawa na punje ya mtama. Kisha atoboe katikati kwa sindano nene, asikate nyuzi za kitambaa, bali azisukume kando. Halafu ashone kwa kuzunguka, uzi ukilala kando ya uzi, mpaka ukingo wote ufunikwe. Tundu la kwanza litakuwa kama jicho lililovimba. La ishirini litakuwa tundu.

Tano, anayetaka kujaribu mahameli ya Wakuba aanze kwa nakshi ndogo ya miraba, na kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana. Jambo hili ni la lazima, kwa maana kitambaa kilicholegea hakiwezi kushika ncha zisizo na fundo. Zitadondoka zote, na mwanafunzi atajilaumu bure kwa kosa la aliyemchagulia kitambaa.

Sita, na hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu: safu ya kwanza isifumuliwe. Kufumua ni sehemu ya kazi, nasi twakubali kwamba mshonaji asiyejua kufumua hajajua kushona. Lakini afumue safu anayoishona leo, ile ya kwanza aiache na tarehe yake. Katika nchi za Ulaya, zamani, wasichana walikuwa na vitambaa vya mifano ambamo walishona kila mshono waliojifunza. Katika jumba la Victoria and Albert Museum huko London kipo kimoja kilichoshonwa na Jane Bostocke mwaka 1598. Baadaye vitambaa hivyo vilitumiwa hata kwa kufundisha herufi, na wasichana wengi waliandika a, b, ch, d yao ya kwanza kwa uzi kabla ya kuiandika kwa wino.

Hapa Kilwa yuko mama mzee ambaye husaidia kufundisha. Ujana wake aliupitisha Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu mwaka 1966, na huko ndiko alikojifunza sindano. Siku moja alitoa sandukuni kitambaa kilichogeuka manjano. Tulitazamia kuona kazi nzuri. Tuliona mishono iliyopinda vibaya, kuliko hata ya watoto wetu. Akasema, "Hiki ndicho cha kwanza. Vile vizuri niliviuza." Tangu siku hiyo yeye hukipitisha darasani kila mara mwanafunzi mpya anapoingia, na hatujasikia maneno mengine yanayowatuliza watoto haraka kama kitambaa kile.

Saba, fundi asimnyang'anye mwanafunzi kitambaa ili amtengenezee. Aliye na haraka hufanya hivyo, nasi tumefanya hivyo. Kazi hupendeza, na mtoto hajifunzi kitu ila kwamba mikono ya mwingine ni bora kuliko yake. Fundi achukue kitambaa chake mwenyewe, akae upande ule ule anaokaa mwanafunzi, wala asikae mbele yake, ili mtoto asilazimike kugeuza kichwani mkono wa kulia uwe wa kushoto. Ashone polepole. Kisha aulize: "Wapi hapa pamekupendeza?" Mtoto akipaonyesha mahali, hapo ndipo pa kuanzia kesho.

Akina baba nao wasifikiri kwamba maneno haya hayawahusu. Tembeeni pwani ya ziwa asubuhi mkawatazame wavuvi wakitengeneza nyavu zao. Wana sindano yao ya mti, wana fundo lao, wana kipimo cha jicho la wavu. Baba mwenye akili hampi mwanawe wavu mpya wa kuvulia chisense siku ya kwanza. Humpa wavu mzee uliochanika, humwambia: "Ziba hapa." Akikosea, hakuna samaki aliyepotea. Mbona basi binti apewe kitambaa cha harusi siku ya kwanza, naye akikosea apigiwe kelele?

Twajua kwamba wako watakaotupinga, na baadhi ya maneno yao ni kweli. Watasema kwamba cherehani hushona kwa saa moja kile ambacho mkono hushona kwa siku tatu, na kwamba nguo za mitumba huuzwa kwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kuishindana. Ni kweli. Kwa hiyo hatumwahidi mtu yeyote utajiri. Anayetaka kuuza kazi ya mkono na ahesabu saa zake zote kabla ya kutaja bei, na akiona kwamba bei hiyo hailipi hata chakula cha siku, asione aibu kushona kwa mashine nguo za kuuza, na kwa mkono zile za kutunza. Tena barabara ya kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni yapata kilomita 350, na wanunuzi wa nakshi hawapiti kwetu kila siku.

Watasema pia kwamba binti na asome shule kwanza. Hilo twalikubali kwa moyo wote. Mzazi anayemtoa binti darasani ili ashone, amemwibia. Lakini sindano haidai siku nzima. Yadai saa moja, mara mbili kwa juma, wakati wa mwanga wa mchana ili macho yasiumie. Na mtoto anayehesabu nyuzi tatu juu na tatu chini hapotezi hesabu zake.

Turudi kwa yule mama wa juma lililopita. Hatukumwambia mengi. Tulikigeuza kitambaa, tukaweka kidole chini ya safu ya nne, tukamwomba aitazame hiyo peke yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akamwuliza binti yake, "Hii umeishona lini?" Mtoto akajibu, "Jana, mama, ulipokuwa sokoni." Mama hakusema neno jingine, ila alikikunja kitambaa vizuri kabla ya kumrudishia, naye alikuwa amekuja nacho kimekunjamana. Jumatano mtoto alikuwa mahali pake.

Na yule mwingine, wa njia ya mchwa? Tulimtafuta. Sasa ni msichana mkubwa, huuza samaki wakavu karibu na bandari. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele ya wenzake ndipo tulipomwaibisha. Alitupokea kwa adabu, akatuwekea kigoda, akasema, "Mwalimu, hayo yamepita." Tukamwambia kwamba mahali pake pangalipo. Akacheka kidogo, akaendelea kuwapimia wanunuzi wake samaki. Mpaka leo hajarudi, wala hatuna haki ya kumlazimisha.

Kwa hiyo, wapendwa wasomaji, jioni mtoto akiwaletea kitambaa chake, kabla hamjasema neno kipelekeni penye mwanga, mkaitafute safu ya mwisho. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sindano ikivunjika, tutanunua nyingine sokoni. Mtoto akikata tamaa, soko la kumnunua mwingine halipo.